Mama, Tunakwenda Kuteleza

Mama,

Hukupenda habari ya kuzungushwa, kwa hiyo nakupa zote mara moja: nimeolewa, nina furaha mpaka naona aibu, na Krismasi hii familia yako nzima inakwenda kuteleza. Usitafute fimbo kwanza. Nitakueleza.

Naanza na yeye kwa sababu siku hizi siwezi kuanza na kitu kingine. Anaitwa Bahati, Mkongo wa Uvira. Hapa Louisville tulikuwa tunapanda gari moja kwenda kazini, kwenye ghala kule Jeffersontown, watu saba tumebanana. Yeye alichukuliwa kabla yangu. Kila asubuhi ya baridi nilimkuta amekalia kiti changu cha mbele, na moyoni nikasema huyu kaka hana adabu. Nikifika, anahamia nyuma bila neno. Miezi miwili, Mama! Siku moja nikamuuliza kwa nini anapenda viti vya watu. Akajibu kwa Kiswahili chake kile cha kwao: "Bon, hiki kiti kiko baridi sana. Mi nakipashaka moto mbele ufike."

Nilikaa, kiti kikawa na joto, nikatazama dirishani hadi tukafika ili wenzangu wasione uso wangu. Ungekuwepo ningekupigia simu siku hiyo hiyo wakati wa chakula. Nilitoa simu mfukoni kabisa, ndipo nikakumbuka.

Tumefunga ndoa mwezi wa sita. Kitenge chako cha njano nilikifunga kiunoni, chini ya gauni jeupe, mahali ambapo hakuna aliyekiona isipokuwa mimi na wewe. Bahati hakukuona hata siku moja, lakini anakuita "mama mkwe" kana kwamba umetoka kidogo tu kwenda sokoni. Mpaka sasa nikiingia garini kiti changu kina joto. Sasa ni gari letu wenyewe, na bado anakipasha! Wakati mwingine naamka mapema namtazama amelala na soksi mbili mbili, nasema, Mungu, huyu ni wangu kweli?

Basi, nirudi kwenye kuteleza.

Unakumbuka kile kilima nyuma ya bomba la maji, kule kambini Kigoma? Mvua ikinyesha, ule udongo mwekundu unakuwa kama sabuni. Kaka Dezire alikuwa amekata dumu la njano katikati, anakaa mbele, mimi nyuma nimeshika shati lake, tunashuka tukipiga kelele. Na kule chini umesimama wewe na fimbo. "Ukiteleza utavunjika, na ukivunjika nani atakubeba?" Halafu usiku kwenye sala: "Bwana, watoto wangu wasiteleze." Nilikuwa sijui kama unamwambia Mungu habari za matope au za dhambi. Nadhani ulikuwa unaziweka zote humo humo.

Krismasi iliyopita tulikusanyika kwa Baba, pale Riverside, Buffalo. Tulipika kila kitu chako, hata maharage na ndizi, na hakuna aliyekula. Kiti chako kilikuwa mezani, hakuna aliyethubutu kukikalia wala kukiondoa. Baba alitazama televisheni, watu wa mbali wanashuka mlima wa theluji na vile vibao miguuni. Shekina, binti ya Dezire, ambaye sasa ana miaka minane na anajibu kila kitu kwa Kiingereza, akauliza kwa nini sisi hatuendi. Kesho yake mapema kila mtu alirudi kwake. Mimi nililia kutoka Buffalo hadi Columbus, nikasema sitaki Krismasi nyingine ya kuzunguka kile kiti.

Kwa hiyo mwaka huu mimi na Dezire tukapanga. Kuna mlima kusini mwa Buffalo, mwendo wa saa moja kwa gari. Lakini Mama, nani alijua kwamba Krismasi watu wote wa nchi hii wanapanda milima? Kila nyumba tuliyoulizia imejaa. Na kazini, Desemba ni mwezi wa vifurushi, mtu haombi ruhusa. Mimi na Bahati tuliiomba mwezi wa nane, msimamizi akacheka, lakini akatupa siku tatu. Ikapatikana nyumba moja ya mwisho, ya mbao, jiko dogo, watoto juu kwa ngazi. Tulipotuma fomu ya kukodi vibao na viatu, yule dada wa mlimani alipiga simu. Alikuwa na wasiwasi kwamba nimekosea, maana wakubwa sote tumezaliwa tarehe moja Januari, kuanzia babu hadi mkwe. Nikamwambia hapana, dada, ndivyo wakimbizi tulivyoandikwa kambini. Akasema basi Mwaka Mpya kwenu lazima keki iwe kubwa.

Fomu ilitaka pia namba ya kiatu ya kila mtu. Ya Baba hakuna anayeijua. Nilimpigia kumuuliza, akasema, "Muulize mama yenu." Ilimtoka tu. Ni wewe uliyemnunulia viatu siku zote, kwa kile kijiti chako ulichovunja kwa urefu wa mguu wake.

Kisha akasema lile ambalo nilikuwa naliogopa. "Mimi siendi. Theluji hiyo hiyo waliiondoa kwa koleo mpaka wakapata mahali pa kumlaza mama yenu. Ninyi mnakwenda kuichezea." Akakata simu.

Nami nilikuwepo siku tulipokuzika, Mama. Niliona weupe na lile shimo jeusi katikati. Watu walikuwa wananishika mkono wakisema, "Pole, ametutangulia," na mimi nililichukia lile neno. Nilimwambia Bahati tufute safari yote. Bila Baba, hiyo si familia, ni watu wanaokwenda mlimani. Bahati akasema, "Tungoje kidogo. Mutu mzima ikimuuma, anaongea vile." Akanipikia chai ya maziwa, nyepesi sana, nikainywa yote kwa mapenzi.

Sasa sikiliza alichofanya mwanao Dezire.

Jumapili moja kule Columbus anakoishi, kwenye ibada ya Kiswahili, wakati wa maombi akasimama na koti lake zuri akasema: "Wapendwa, naomba mtuombee. Sisi kama familia, mwaka huu wakati wa Krismasi tumeamua kuteleza." Akaketi. Hakuongeza mlima, hakuongeza theluji! Wifi anasema kanisa lilikuwa kimya mpaka ukasikia hita.

Jumamosi yake mlango wao ukagongwa. Mama Shukuru, yule anayeongoza kina mama wa maombi, na wenzake watatu, Biblia kwapani, wamefunga tangu alfajiri. Walikuja na basi la Morse Road kwenye baridi ile. "Baba Shekina, mwanangu," akasema Mama Shukuru, "mtu huteleza kwa bahati mbaya. Ninyi mmepanga? Na mwezi wa Bwana kuzaliwa?" Dezire, ambaye bado hajaelewa, akasema, "Ndiyo Mama, na tumeshalipia. Hata mtoto tumemkatia tiketi." Mama Shukuru alikaa chini sakafuni.

Waliomba nusu saa kabla wifi hajarudi na vyakula vyake na kuwaonyesha picha ya mlima. Mama Shukuru akatazama picha, akamtazama Dezire. "Kuteleza huku pia nakuombea," akasema. "Huku ndiko utakakovunjikia." Kama wewe kabisa.

Lakini habari ilikuwa imeshatangulia. Dada yake Mama Shukuru anasali na Baba kule Buffalo. Siku ile ile simu yangu ikalia, na sauti ya Baba ilikuwa ya zile siku za fimbo.

"Goreti. Nimesikia watoto wangu wote mmekubaliana kuteleza. Hata mkwe. Nani kaanza?"

Nikamweleza, mbiombio, vibao, mlima, Dezire na koti lake, Mama Shukuru sakafuni. Halafu nikasikia sauti, nikadhani analia, nikaita, "Baba? Baba?" Alikuwa anacheka, Mama. Miaka miwili sijaisikia. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema: "Mama yenu ndiye kaanza."

Kumbe! Mwaka wa kwanza kambini, kabla hujawa mama wa mtu, mvua imenyesha, umebeba ndoo ya maji. Ukateleza juu ya kile kilima. Ukashuka umeketi, ndoo mapajani, ukaipita foleni yote ya bomba, wanaume kwa wanawake, mpaka chini, na maji hayakumwagika. Ukasimama na sketi nyekundu kwa udongo, ukawaambia, "Mnatazama nini? Nimewatangulia tu." Baba alikuwa wa tatu kwenye foleni. "Siku hiyo nikajua," akasema.

Na sisi ukatuchapa! Mama wewe!

Kisha akauliza taratibu, "Huko mlimani, kuna cha kuteleza mtu ameketi?" Nikamwambia yapo matairi makubwa ya hewa, mtu anakaa kama kwenye beseni. "Basi. Tutapita kwanza kwa mama yenu. Halafu twende." Mimi nililia, Bahati akanishika, akamwambia Baba kwenye simu, "Baba mukwe, usiogope, ntakubeba ku mugongo." Baba akajibu, "Jibebe wewe kwanza."

Kijiti nimekipata. Kilikuwa kwenye kopo lako la vifungo. Bahati ameenda nacho dukani, akakishusha ndani ya kiatu mbele ya watu bila aibu yoyote, akarudi na mabuti meusi yenye manyoya ndani. Yako hapa mlangoni, karibu na yangu.

Nakuaga sasa, Mama, kazi inaanza alfajiri na vifurushi havina huruma. Nakuahidi mambo mawili. Asubuhi baada ya Krismasi tutakuja na ufagio, tutafagia theluji yako yote mpaka jina lako lionekane kwenye jiwe, na Bahati atakusalimia kwa Kiswahili chake, usimsahihishe. Halafu tutapanda kule juu. Baba ataketi kwenye tairi, mimi nitakaa nyuma nimeshika koti lake, na tutashuka tukipiga kelele.

Lile neno la msibani silichukii tena. Nikilisikia sasa naona sketi nyekundu na ndoo iliyojaa. Umetutangulia tu.

Mwanao mpenzi,
Goreti