Mtoto Niliyemsimulia

Jumapili, 4 Mei

Sauti imekauka. Asubuhi nilirudia hotuba yote mbele ya kioo cha kabati, na mke wangu Peres alikuwa nyuma yangu akipiga pasi shati langu. Hakuinua hata kichwa. Ameizoea. Anajua mahali ninapotua ili watu wacheke, na nikitua yeye hugeuza shati upande wa pili.

Leo ilikuwa kanisani, hapa hapa Suna, kikundi cha wanandoa. Mada ile ile: ndoa inayodumu. Niliwachekesha sana. Nikawaambia jinsi Peres alivyotia chumvi kwenye chai ya baba yangu wiki ya kwanza alipoolewa, na mzee akainywa yote, kisha akaomba nyingine. Kuinywa aliinywa. Hiyo ya kuomba nyingine nimeongeza mimi. Peres alikuwa safu ya mbele, akacheka kidogo, watu wakamgeukia na kumpigia makofi.

Nilipostaafu kazi ya ugani nilidhani nimemaliza kuongea. Miaka yote ile niliwaambia wakulima habari za mbegu na samadi, na hakuna aliyenisikiliza. Siku hizi naongea habari za mke wangu, na wananilipa. Pensheni haifiki mwisho wa mwezi. Bahasha hizi ndizo sukari yetu, ndizo dawa za presha. Sioni aibu.

Jumatano, 14 Mei

Simu kutoka Homa Bay. Bwana Ouma, mwenyekiti wa kikundi cha akiba cha wanandoa. Wananitaka Jumapili, mimi na mama. Niliwahi kuongea kwao mwaka jana. Akaniambia, "Mzee, jokes zako ziko sawa kabisa. Lakini safari hii tunataka kitu ya kugusa roho. Watu walie kidogo."

Imeniuma. Nimeshinda nimenuna, mpaka Peres akauliza kama ni tumbo.

Kitu cha kugusa roho. Kipo kimoja. Sikitaki.

Jumapili, 18 Mei

Nimekisema.

Niandike vizuri. Kabla ya binti yetu Akinyi tulipata mtoto wa kiume, Okoth. Peres alipasuliwa, akalala siku kadhaa hajitambui. Mtoto aliishi saa chache tu. Mimi ndiye niliyemshika. Mimi na baba mdogo tukamzika kabla mama yake hajafungua macho. Peres hakumwona. Hata mara moja. Mama yangu alimwambia jina tu, basi, na wazee wakatuagiza tusilizungumze, azae mwingine, na sisi tukatii. Akazaliwa Akinyi. Watu wakamwita Peres Mama Akinyi, ikawa hivyo mpaka leo.

Nyumbani sijawahi kulitamka jina la Okoth. Leo nimelitamka kwa kipaza sauti, ukumbi umejaa, na mke wangu ameketi mbele yangu na gauni lake la buluu. Nikawaambia mtoto hakulia hata kidogo. Alinitazama tu, kimya, kisha akafunga macho. Nikawaambia ndoa ni kubeba pamoja kile ambacho mtu mmoja hawezi kubeba.

Walilia. Wanaume pia. Ouma alivua miwani akajipangusa kwa tai. Peres hakulia. Aliangalia viatu vyangu kutoka mwanzo hadi mwisho. Njiani nilimwambia bahasha ni nene, akasema ni vizuri.

Humu daftarini hakuna anayesoma, kwa hiyo nitasema kweli. Nimefurahi. Nilikuwa mzuri leo kuliko siku zote.

Jumatatu, 19 Mei

Peres amenyamaza. Chai imeletwa, haina kasoro. Nimemwuliza kama amechoka, akasema ndiyo. Basi amechoka.

Jumapili, 1 Juni

Mjini Migori. Sherehe ya akina mama wafanyabiashara na waume zao. Peres amekataa kuja, anasema miguu imevimba. Mbona jana alitembea mpaka sokoni na kurudi? Sikubishana naye.

Nimesimulia tena habari za Okoth. Safari hii bora zaidi. Homa Bay palikuwa na pengo, nililisikia nikiwa pale pale jukwaani: mtoto asiyelia hasikiki, na watu wanataka kusikia. Kwa hiyo leo alilia. Mara moja tu, kilio chembamba, wakati kunapambazuka. Kisha akanishika kidole. Hicho kidole kiliwamaliza. Kuna dada alisimama akaenda kulilia nje, mwingine alirekodi yote kwa simu.

Sijui kama kidole nilikibuni au nilikikumbuka. Nikiwa nimesimama mbele ya watu maneno huja yenyewe, yakiwa yamekamilika, na mimi huyaamini kama wao wanavyoyaamini. Wameshanialika Muhuru Bay.

Jumanne, 3 Juni

Nimemkuta Peres jikoni, simu sikioni, moto umezimika chini ya sufuria. Ilikuwa sauti yangu. Ile video imefika kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa. Ilipoisha akairudisha nyuma. Akasikiliza, akairudisha tena. Anarudisha mahali pale pale, penye kilio.

Nikadhani imemgusa hatimaye. Nilisimama mlangoni nikivimba kichwa, mjinga mimi. Aliponiona alizima simu, akauliza kama nitakula ugali wa mtama au wa mahindi.

Ijumaa, 6 Juni

Peres ameondoka. Amekwenda Rusinga, kisiwani kwao, kumsaidia mke wa kaka yake aliyevunjika mguu. Ndivyo alivyosema. Mguu kweli umevunjika, nimepiga simu nikauliza. Lakini amechukua sweta zote mbili na ile Biblia kubwa ambayo haijawahi kutoka nyumbani. Chakula cha siku mbili ameniachia kimefunikwa.

Jioni Akinyi akapiga kutoka Nakuru. Hakunisalimu.

"Baba, kwani nilikuwa na kaka?"

Nikasema ndiyo.

"Na nimejulia WhatsApp. Mimi na watu siwajui, tumejua pamoja."

Nikaanza kumweleza. Nikasikia sauti yangu ikishuka, ile ya ukumbini, ikitua panapotakiwa kutua. Naye akaisikia. Akasema, "Baba, usinihubirie," akakata simu. Sikumpigia tena.

Jumapili, 15 Juni

Muhuru Bay. Nilikuwa nimeahidi, na matangazo yameshabandikwa, yana picha yangu nikiwa nimeinua mkono. Waliuliza mama yuko wapi. Nikasema presha inamsumbua. Uongo umetoka bila shida yoyote.

Uwanja wa shule, viti vya plastiki, upepo unaleta harufu ya omena, dagaa wa ziwani, kutoka ufuoni. Chumvi kwenye chai, wakacheka. Nikafika kwa mtoto. Nikasema ulikuwa usiku wa manane, na taa za hospitali zimezimika. Nikasita.

Migori nilisema kunapambazuka.

Nikatafuta ni ipi. Nimesimama mbele ya watu wote hao, kipaza sauti mdomoni, natafuta. Kulikuwa usiku au asubuhi? Alilia au hakulia? Kila nilipotafuta nilikutana na hotuba. Ya Homa Bay, ya Migori. Nyuma ya hotuba sikuona kitu. Sikuona uso wake.

Wakadhani uchungu umenizidi. Mama mmoja wa makamo, mikono bado ina magamba ya samaki, alinipandia jukwaani na glasi ya maji akanishika bega. Wakapiga makofi kwa ule ukimya wangu. Hawajawahi kunipigia makofi kiasi hicho popote. Nilichukua bahasha nikaondoka kabla ya chakula. Niliogopa, na bado naogopa.

Jumatano, 18 Juni

Nimejaribu kukumbuka bila watu. Nimezima redio, nimefunga mlango, nimekaa kitandani upande wa Peres.

Shuka. Nadhani lilikuwa la kijani, la hospitali. Au hilo la kijani nililisema Homa Bay likabaki. Baba mdogo alikuwa na jembe, lakini jembe lazima liwepo, hilo mtu yeyote angelijua. Mikono yake midogo? Naona mikono ya Akinyi. Macho? Nilisema alinitazama. Sijui kama aliwahi kufungua macho.

Baba mdogo amekufa. Mama yangu amekufa. Muuguzi simjui hata jina. Shahidi nimebaki peke yangu, na shahidi mwenyewe nimemharibu. Kwa ajili ya sukari na dawa, nilikuwa nikijiambia. Kwa ajili ya makofi. Zaidi makofi.

Ouma amepiga, wananitaka tena Agosti. Nimemwambia siongei tena. Akadhani nabania bei, akaongeza papo hapo.

Alhamisi, 26 Juni

Naandika nikiwa Mbita, kwenye gesti yenye kitanda kinacholia. Kwetu mwanamume halali nyumbani kwa wakwe zake, hata akiwa na mvi kichwa kizima. Kwa hiyo nimeshinda Rusinga mchana, na jioni nimevuka daraja kurudi huku.

Peres alikuwa nyuma ya nyumba ya kaka yake, anachambua maharagwe kwenye ungo. Hakushtuka. Alinisogezea kigoda. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha, mazuri, yenye mwanzo na mwisho. Nikayaacha kwa sababu yalikuwa mazuri. Nikasema nimekosa.

Akasema amesikia. Kisha akasema hakukasirika kwa mimi kuongea mbele za watu. Amekasirika miaka mingi kwa mengine, lakini si kwa hilo. Sijawahi kumsikia Peres akiongea kwa muda mrefu hivyo.

"Nilikuwa nangoja uniambie," akasema. "Miaka yote. Mimi niliogopa kuuliza, nikafikiri wewe pia unaogopa kusema. Pale Homa Bay nikasikia hakulia. Nikasema sawa, alienda kwa amani, sasa najua. Nikakaa na hiyo. Halafu kwa simu nikasikia alilia." Aliweka ungo chini. "Baba Akinyi, niambie sasa. Alilia ama hakulia?"

Ningeweza kumpa. Hakulia, mama, alienda kimya. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, na angeyachukua, na angelala. Hakuna mtu duniani ambaye angenipinga. Nilimtazama usoni, nikaona kwamba angejua. Amenisikiliza nikipamba mambo kwa miaka zaidi ya arobaini. Anajua sauti yangu inavyokuwa.

Nikamwambia sijui. Nimesimulia mpaka sijui tena.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuchukua ungo akauweka tena mapajani, akatoa kijiwe kimoja, akakitupa.

"Hakuna kitu umebaki nayo?"

Nikafikiri. Nikasema mvua. Mvua ilinyesha, hilo nina hakika nalo, kwa sababu aliitwa Okoth, na jina hilo anapewa mtoto wa mvua. Hapewi mtu wakati wa kiangazi. Nililisema kwa haraka, na kwa furaha kidogo, kwamba angalau nimepata kitu kimoja cha kweli cha kumpa.

"Hiyo niko nayo," Peres akasema. "Niliisikia kwa mabati, wakinipeleka chumba cha kupasuliwa."

Akausogeza ungo upande wangu. Tulichambua maharagwe mpaka yakaisha, kisha akanisindikiza hadi barabarani.