Mkono Ulio Begani Mwako

Mke wangu Mama Neema,

Naamini wewe na mtoto ni wazima hapo Kirumba. Mimi mwili hauna neno. Kazi ya ghala la mboga hapa Muskati inaendelea, baridi ya humo ndani imenipasua midomo lakini nimeshaizoea. Nisichokizoea ni ile picha uliyonitumia kwenye simu, na ninaandika kwa sababu nilipokupigia ulinicheka.

Kumpelekea mama picha ya familia aitundike ukutani kule Sengerema ulifanya vizuri. Najua pia mafundi wa studio siku hizi humbandika pichani mtu aliye mbali, na sura yangu uliwapa wewe. Kichwa kimekaa sawa, hata weupe nisiokuwa nao fundi kanipaka. Lakini chini ya shingo yangu kuna suti ya mtu, na mkono wake wa kushoto uko begani mwako. Mkono wangu wa kushoto unaujua, kidole cha mwisho nilikiacha soko la samaki la Mwaloni nikikata sangara. Huo wa pichani una vidole vyote, na saa.

Ukanijibu, "Baba Neema nawe, ni fundi mwenyewe alisimama kidogo ili mkono ukae vizuri." Kidogo ni muda gani? Na mbona umetabasamu hivyo? Kwenye picha ya harusi yetu umenuna kama umeitwa polisi. Nina wivu, sifichi, tena namwonea wivu mtu asiye na kichwa.

Ningenyamaza, ila Jumapili nilimuuliza Neema baba yake yuko wapi. Nilimwacha akitambaa, nikategemea aseme yuko mbali, yuko kazini. Akajibu bila kufikiri, "Baba yuko studio. Alinipa pipi." Nikakata simu, nikasingizia mtandao.

Basi, mke wangu, ukivuka kwa feri ya Kamanga kwenda Sengerema mpe mama shikamoo yangu, umweleze ukweli kwamba mwili ule si wangu, kisha uichukue hiyo picha. Dada yako anayeanika dagaa mwambie namkumbuka. Halafu rudini studio mpige picha wawili tu, wewe na Neema, katikati paachwe wazi, hata pakionekana vibaya. Neema akiuliza, mwambie hapo ni pa baba, bado hajafika.

Na huyo fundi abaki nyuma ya kamera yake.

Mumeo,
Baba Neema