Nani Atamshikia Umulisa Maziwa

Jumapili, 20 Novemba 1994

Mutsinzi anaoa! Ametuambia leo baada ya ibada, kaka yangu huyu asiyejua hata kunyoosha shati lake mwenyewe. Na si mwakani — tarehe tatu Desemba! Baba alicheka mpaka akapaliwa. Mama akaanza hapo hapo: nani, wa wapi, watu wake ni akina nani.

Anaitwa Umulisa. Mwalimu wa shule ya msingi, anakaa Kagarama. Kuhusu watu wake Mutsinzi alisita kidogo. Akasema alikuwa na baba, mama na ndugu wanne. Mpaka Aprili.

Sisi tuliorudi Julai kutoka ukimbizini Karagwe, mauaji yalipokwisha, tumerudi wote, mpaka jogoo tumekuja naye. Leo nimekula kwa aibu.

Jumanne, 22 Novemba 1994

Nimemwona! Nilitoka ofisini Muhima saa kumi nikaenda moja kwa moja Kagarama. Mrefu, mwembamba, na ana ule ukali wa walimu, wa kukuangalia kama hujafanya zoezi. Nimempenda. Anaishi na jirani yao wa zamani, mjane mmoja anaitwa Mukandayisenga. Umulisa hataki tuongee Kinyarwanda, eti changu kinanuka Karagwe. "Ongea tu Kiswahili, Winifred. Ile ingine unaiumiza." Tukacheka sana.

Halafu nikatoa ujumbe wa Mama. Kwao Mama, ndoa haijawa ndoa mpaka bwana na bibi wanywe maziwa kutoka chombo kimoja, inkongoro, kile cha kuchongwa kwa mti. Hilo Umulisa analijua. Lakini anayekishika awe mtu mwenye baba na mama, wote wawili hai. Na atoke upande wa bibi harusi. Nilipofika hapo ndipo nikasikia ninachosema. Nilitamani ardhi inimeze.

Hakukasirika. Alianza kuhesabu watu anaowajua kwa vidole, akafika mkono wa pili, akaacha. Akasema atatafuta.

Alhamisi, 24 Novemba 1994

Nimegombana na Mama. Nilimwambia: mimi nina baba na mama, nitashika mimi, yaishe! Akasema mimi ni wa upande wa bwana, hatuwezi kujikaribisha wenyewe. Basi nikapandwa na hasira, nikamwambia watu wameisha, yeye bado kang'ang'ania mila. Mkono wake uliinuka. Ukashuka. Akaniambia taratibu kabisa: "Nikiliacha hili kwa sababu Umulisa hana watu, nitakuwa ninamchukua kama watu wanavyochukua viti kwenye nyumba zilizoachwa wazi."

Nilienda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumapili, 27 Novemba 1994

Kumbe Umulisa ni mkali kuliko Mama! Nilidhani atasema tuache. Wapi! Tumezunguka naye tangu kutoka kanisani, nyumba kwa nyumba, mpaka karibu na kiwanda cha Sonatubes. Nikamwambia, si una watoto arobaini darasani? Uliza tu nani ana baba na mama. Alisimama katikati ya barabara, lori linapiga honi, hasikii. "Hiyo swali siwezi kuuliza ndani ya ile darasa." Nilimvuta mkono tukavuka.

Nikamuuliza kwa nini anajitesa hivi. Naandika jibu lake kama alivyolisema, nisilipoteze: "Kama maziwa itatoka kwenu, na mama kwenu, na kila kitu kwenu, watu watasema Mutsinzi aliniokota. Mimi iko na watu, Winifred. Hata kama hawako."

Nyumba ya kwanza, mama tu. Ya pili, baba na mtoto mmoja. Ya tatu, watoto wenyewe kwa wenyewe, mkubwa ana miaka kumi na mitatu, akatukaribisha viti kama mtu mzima. Nyumba kumi! Miezi minne nimekuwa napita kwenye mageti haya haya kila asubuhi, nikidhani wengine wako ndani.

Nyumba ya kumi na moja — tumepata! Binti anaitwa Uwimana, miaka kumi na mitano, anasali kanisa moja na Umulisa. Mume na mke walikuwa wamekaa nje wanachambua maharage. Sijawahi kufurahi hivi kuona watu wakichambua maharage. Msichana amekubali, anaona haya, anataka kujua avae nini.

Jumatano, 30 Novemba 1994

Nilikuwa Kagarama nampima Umulisa nguo yake ya harusi, pini mdomoni. Mama yake Uwimana akaingia. Alikataa kiti. Akasema yule bwana wa maharage si baba wa mtoto. Ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake. Aliwachukua Agosti. Uwimana alianza mwenyewe kumwita baba na hakuna aliyemkataza. "Nilinyamaza siku tatu," alisema. "Lakini kwa maziwa siwezi kudanganya."

Hakuna aliyejua! Hakuna ambaye angejua, milele! Ametembea kwa mguu kuja kutoa siri ambayo ingebaki yake, na ya binti yake, na ya yule bwana mwema. Umulisa alimkumbatia. Wakabaki hivyo. Nami nimesimama na pini zangu, kama niliyeingia kanisani nikakuta sala imeshaanza. Ni hofu, lakini si ya kutaka kukimbia. Ya kutaka kuvua viatu.

Ijumaa, 2 Desemba 1994

Umulisa ameamua. Kesho inkongoro itawekwa mezani, ijae, watu waione. Hakuna atakayeishika. Hawatakunywa. Watavishana pete tu. Aliniambia bila kulia, ningefurahi angelia.

Nilimweleza Mama. Alichukua kitambaa akaendelea kukisugua chombo ambacho alikuwa amekwisha kukisugua.

Jumamosi, 3 Desemba 1994

Kagarama, chumba cha nyuma. Naandika kwa penseli. Wazee wanasemezana huko nje, wakimaliza nitaitwa. Mimi! Inkongoro iko hapa kwenye stuli, imejaa, na siamini.

Niandike kabla sijasahau mpangilio. Mabenchi yanatazamana uani. Upande wetu watu kama hamsini, tumebanana. Upande wa Umulisa watu sita: Mukandayisenga, mwalimu mwenzake, Uwimana na mama yake na yule bwana, na mzee Gasana wa kanisani, ndiye msemaji. Lakini mabenchi yalikuwa mengi. Umulisa aliagiza yapangwe yote. Benchi la mbele alilifunika kwa shuka jeupe. Nafasi sita. Hakuna aliyeuliza za nani.

Mzee Gasana akaanza salamu. Mama akasimama. Nilidhani anatafuta choo. Akachukua mkoba wake, akamshika Baba mkono wa koti, wakavuka ua, polepole, mbele ya watu wote. Hawakuligusa benchi la mbele. Wakakaa la pili, nyuma yake. Kisha Mama akaniita, sauti ile ya kuniitia jikoni: "Winifred! Unafanya nini huko kwa wageni? Njoo kwenu."

Nikaenda.

Akamwambia mzee Gasana: sisi leo ni wa hapa. Huyu ni binti wa upande huu, ana baba na mama, mnatuona. Atashika maziwa. Leo hatuchukui msichana, tunamtoa.

Mzee Gasana alivua kofia yake. Msemaji wa kwetu alitaka kupinga, akakaa. Shangazi Scovia akainuka na viatu mkononi akatufuata. Wakaja wengine, na wengine. Mutsinzi amebaki na rafiki yake Manzi na msemaji na wajomba wawili wasioweza kusimama vizuri, na sijawahi kuona mtu aliyeachwa na ndugu zake akafurahi namna ile! Baba alikuwa analia wazi, hafuti. Mama hakulia. Alinyoosha shuka la benchi la mbele pale lilipokunjika.

Umulisa yuko hapa karibu yangu, kitandani, nguo yake inang'aa. Aliona yote kwa tundu la pazia. Ameniuliza sasa hivi jambo moja. Baada ya maziwa bibi harusi huwashukuru wazazi wanaomtoa, kwa sauti, watu wasikie. "Neno mama sijasema tangu Aprili. Sijui kama iko bado."

Nikamwambia si lazima, amwite Mama yangu kwa jina lake, Mukarugwiza, ataelewa. Akatikisa kichwa. Sasa anajaribu. Midomo tu, sauti haitoki. Anaanza tena. Nimeinamia daftari nisimwangalie.

Wazee wamemaliza. Mzee Gasana ameita jina langu. Ameita tena. Maziwa yako hapa, mlango uko pale, na siwezi kusimama kabla hajalitamka neno lile —