Chozi wa Mteremko Ulioungua

Gaspari, ndugu yangu,

Tangu tukuzike, wenye akili wamezidi Kigali. Sasa wamefika mpaka kwenye mteremko wetu kule Nyungwe, ule ulioteketezwa na moto wa warina asali. Unakumbuka tulivyong'oa magugu ya kangaga likizo baada ya likizo, walimu wawili wenye viuno vibovu, mpaka mishishi, miti ya asili ya pale, ikapata jua ikainuka. Wanataka kuifyeka wapande misonobari. Inakua haraka, wanasema, na kwenye picha inapendeza.

Waliniita kwenye mkutano wa mradi wao wa miti, Kicukiro, hotelini, kwenye maji ya chupa na sambusa. Mtaalamu wao ni mgeni, hajui Kinyarwanda, basi nikaeleza kwa Kiswahili, polepole kama darasani: mshishi hutoa maua mekundu yenye maji matamu, ua la msonobari halina hata tone. Nikamalizia hivi: "Mkikata mishishi, chozi wataondoka."

Mkalimani, bwana mmoja wa tai nyekundu, akawageuzia wenzake kwa Kinyarwanda: amarira. Yale ya machoni. Kata miti, machozi yataondoka. Ukumbi ukapiga makofi, Gaspari. Mkuu wa mradi akanishukuru kwa busara za wazee.

Wewe ungecheka mpaka ukohoe. Mimi nilisimama tena nikawafundisha, maana ndiyo kazi niliyosomea: chozi huyu ni ndege, yule mdogo wa mdomo uliopinda, ningetaka ya machoni ningesema "yataondoka". Lakini mji huu husema "ndege iko" na "machozi iko", ngeli zote sufuria moja. Mkuu akatazama saa. Akauliza kama ndege huyo hawezi kuzoea. Kuzoea nini, njaa? Na nyuma ya kiti chake wametundika picha ya kulukulu, ndege wa msitu ule ule, kubwa kama mlango.

Hawajaamua. Watakutana tena mteremkoni penyewe, wapigwe picha. Nitakuwepo, na kiuno hiki hiki. Safari hii sitaeleza kitu. Nitawasimamisha chini ya mishishi yenye maua, niwape yale maneno uliyokuwa ukinichapa nayo nikizidisha somo: "Mwalimu, nyamaza kidogo, hata ndege wana zamu yao."

Wasiposikia hata hapo, basi wana masikio ya kuvalia miwani tu, na mimi nitakaa pale pale niwasumbue.

Pumzika, ndugu yangu. Ya machoni yamenitoka ya kutosha. Wale wa mteremkoni hawataondoka nikiwa na pumzi.