Sharbati ya Kungu na Ndoa ya Mwanamvua

Nyumba za Wazungu wa Matrekta,
Nachingwea.
14 Septemba 1953

Mpendwa mdogo wangu Swalehe,

Assalaam alaykum. Hujambo huko Muheza? Kile kidole kilichochomwa na mwiba wa mkonge kimepona? Mama anakiulizia kila nikienda Nambilanje, na mimi humjibu kimepona, kwa hiyo kama bado, kiponye haraka nisionekane mwongo. Sisi huku tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Ila nimechoka, ndugu yangu. Miguu inavimba kwa kusimama jikoni kutwa, na hilo nimelizoea. Kinachonichosha sasa ni jambo jingine, nitakueleza.

Mikorosho ya baba imetoa maua mengi mwaka huu. Muhogo wa mama upande wa bondeni umeliwa wote na nguruwe mwitu. Matrekta nusu yamelala porini yanaota kutu, na kila mwezi Mzungu mmoja anafunga masanduku kurudi kwao. Bwana wangu bado yupo.

Binti yangu Mwanamvua ameposwa. Mchumba anaitwa Kaimu, fundi cherehani wa Chunyu, kijana mpole, anaswali, na mtoto mwenyewe anamtaka. Nilifurahi sana. Tukapanga siku watu wa Chunyu waje Nambilanje kukata maneno ya arusi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Aliyeyaharibu ni mimi mwenyewe.

Lazima nianzie mbali kidogo. Miaka minne iliyopita Memsabu, mke wa bwana, alikuwa na chupa ya pombe tamu ya lozi, imetoka Italia. Akiitia katika keki, akiitia katika kastadi, na jioni Wazungu wakikaa barazani anaichanganya na maji ya limau na barafu wakanywa. Mimi nilikuwa nikimpa chupa ajimiminie mwenyewe, kwa sababu sikutaka imwagike kwa mkono wangu, naye hakunilazimisha. Kisha daktari akamkataza bwana pombe kwa ajili ya ini. Bwana akawa kama mtoto aliyeachishwa ziwa, kila chakula kibaya. Memsabu akaniuliza, Abdalah, huwezi kunitengenezea kitu chenye ladha ile ile bila pombe? Nikasema nitajaribu. Nilikuwa na kiburi cha upishi siku hizo.

Nilijaribu korosho za kukaanga, mafuta yakaelea juu ya glasi. Nilijaribu karanga, bwana akaondoka mezani. Mtu aliyeletwa huku kulima karanga hataki kuzinywa tena. Ndipo nikakumbuka kungu, zile lozi za pwani tulizokuwa tukizipasua kwa jiwe pale Lindi, tulipokwenda na baba kuuza ufuta. Nikaagiza kikapu. Viini nikavitwanga, nikavitia maji ya moto, nikakamua kwa kitambaa, nikapika na sukari, nyingine nimeiunguza kidogo ipate rangi, na hiliki. Unga uliobaki nikautia kwenye keki. Ilikuwa tamu kweli. Memsabu akaonja, akasema bado. Kesho yake bado. Wiki nzima bado, bado.

Sasa Swalehe, nisome vizuri hapa. Sikujua ninachokitafuta. Siku moja nikachovya ncha ya kijiko katika ile chupa nikagusisha ulimi. Nikatema, nikasukutua mara saba, nikaomba toba siku ile ile. Lakini nilikuwa nimeshajua kilichokosekana: uchungu. Nikatia ganda la danzi kidogo, nikaacha viini vingine na maganda yake vikaungua. Memsabu alipoonja alicheka kwa furaha. Tangu siku ile pombe ile haikununuliwa tena nyumba ile, bwana anakunywa sharbati yangu na maji ya soda, na mimi nikajiona nimefanya kazi ya thawabu.

Siku ya wageni nikataka kuwapa watu wa Chunyu kitu ambacho hakijanywewa kwetu. Nikabeba sharbati ya kungu. Na unajua chupa zilivyo adimu huku, hata ya mafuta ya taa mtu anaiweka kama fedha. Nikaitia katika ile ile chupa ya Italia, ambayo tangu ilipokwisha nimeisugua kwa majivu na kuichemsha hata sijui mara ngapi. Mjinga gani huyu, Swalehe? Miaka yote hii jikoni kwa Wazungu, sijui kwamba chupa nayo inasema?

Ami yake Kaimu, Mzee Halfani, aliwahi kufagia kilabu cha Wazungu. Aliiona chupa, akanusa kikombe, akakiweka chini. Wote wakaweka chini. Nikaeleza kwamba ni kungu tu, nimeiga ladha ya ile pombe. Mwalimu Saburi wa chuo chetu cha Kurani akachukua kikombe, akanusa, akanywa chote, akasema hii ni kungu na sukari, halali kabisa. Watu wakapumua. Shemeji yako Zaitun huko uani akaanza kupakua pilau.

Ndipo Halfani akasema, tena kwa upole, "Haya, tumesikia na tumekubali. Lakini wewe mpishi, kitu usichokionja ulikiigaje?"

Shemeji yako anasema ningejibu tu kwamba Memsabu alinielekeza. Neno moja, basi, pilau ingeliwa. Labda ni kweli. Lakini Mwalimu alikuwa bado ameshika kikombe changu, amekinywa kwa kuniamini, na ulimi wangu ulikataa. Nikasema nilionja ncha ya kijiko, mara moja, nikatubu.

Hawakugomba. Afadhali wangegomba. Wamesema mtoto wanamtaka, posa haijavunjika. Ila hawataki kesho mtu aseme ndoa ya kijana wao ilifungishwa na mnywaji, kwa hiyo mimi nisiwe walii wa kumwozesha. Mwalimu aliwaambia aliyetubu ametubu. Halfani akajibu toba ni yangu na Mungu, lakini ndoa ni yao. Kwa desturi yetu ya Kimwera mjomba wake Ausi angetosha kusimama, na Ausi alisema hivyo, lakini hawa wanafuata kitabu: upande wa baba tu. Baba yetu hayupo tena, mimi sina mtoto wa kiume. Umebaki wewe. Watasubiri hadi wiki moja baada ya Maulidi, ikipita watamtafutia Kaimu kwingine.

Mwanamvua hajalia mbele yangu. Ananiletea maji ya kunawa kama kawaida, lakini haniangalii usoni. Nimemlea miaka kumi na minane nikingoja siku ya kushika mkono wa mume wake na kutamka maneno yale. Inaniuma, sikufichi. Na bado nakuomba wewe, mdogo wangu, uje uyatamke.

Mama anakusalimu na anakuombea. Zaitun anakusalimu, na Ausi, na dada yetu Mwamini na watoto wake. Mwalimu Saburi naye amesema nisisahau salamu zake.

Nilikuwa nimalizie hapa, lakini liko neno moja. Halfani atakuuliza na wewe, mbele ya watu, kama alivyoniuliza mimi. Miaka tisa uko makambini kwenye mkonge, na tembo la mnazi la kila Jumamosi nalisikia hadi huku. Mimi sikuulizi. Kama jibu lako ni safi, panda meli uje, nitakupokea Lindi. Kama si safi, usije ukasema uongo mbele ya mtoto, wala usiniandikie ukweli. Niandikie tu kwamba nyapara amekunyima ruhusa. Nitaisoma barua hiyo kwa sauti mbele ya Mama na Mwanamvua, nitamlaani nyapara huyo pamoja nao, na sitakuuliza kitu maisha yangu yote.

Mungu akuhifadhi wewe na mikono yako.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda kwa jibu lolote,

Abdalah