Anayeitika "Acha"

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limepoa kiasi cha kukuruhusu kupanda ngazi. Sisi huku ni wazima, ingawa najua hilo huliamini, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Shangazi amenieleza yote. Amesema ulinisikia kwenye simu nikipiga kelele, "Acha! Acha, unaniumiza!" kisha simu ikakatika, na tangu hapo umefunga begi uje kunichukua. Nilipotaka kukupigia akanikataza, akasema maneno ya simu huyataki, kwa kuwa mkwe wako huenda amesimama pembeni akinikodolea macho. Basi huu ni mwandiko wangu mwenyewe, unaujua ulivyo mbaya.

Mama, aliyekuwa akiniuma ni mtoto wa mbwa. Sitoi tusi, ni mtoto wa mbwa hasa, mwenye miguu minne na meno kama sindano zangu za cherehani. Mume wangu alimleta baada ya ile mimba kutoka, maana nyumba ilikuwa imenyamaza mno. Sasa kimya hakuna. Nikikata kitambaa ananing'ata vidole vya miguu. Nikivuta mguu, anadhani ndiyo kwanza mchezo umenoga.

Kila mtu ana lake la kunishauri. Jirani anayeuza viatu alisema nimpige pua. Mteja wangu mmoja akasema nijipake pilipili mikononi; nikafanya, kisha nikajisahau nikafikicha jicho. Daktari wa mifugo alicheka mpaka akavua miwani. Alinieleza kwamba mbwa wadogo hufundishana wao kwa wao: mmoja akiuma sana, mwenzake hupiga ukelele na kususia mchezo. Nami nifanye vivyo hivyo, niseme "aii", nisiuvute mkono, nigeuke nimnyime hata macho, na akitulia nimpe kitu chake cha kutafuna. Kisha akauliza huwa tunamkataza kwa neno gani. Nikamwambia ni "acha". Kusikia hivyo tu, yule mbwa akachomoka chini ya meza akitikisa mkia, akanirukia na kuning'ata mkono. Daktari akasema tumekwisha kumbatiza: amelisikia neno hilo kutwa nzima katikati ya mchezo, anajua ndilo jina lake.

Hapo ndipo nilipoielewa ile simu. Uliniuliza hali, nikajibu kama kawaida yangu, "Acha tu, mama." Kumbe nimemwita! Naye akaja mbio. Shangazi alipokuja kukagua akakuta mbwa amelala uani, mikono yangu ina michubuko na ya mkwe wako ina plasta, akaondoka akiamini tunatwangana. Mume wangu mpaka leo haelewi kwa nini alinyimwa mkono wa kwaheri. Mimi mwenyewe sijui nicheke au nilie.

Ila sikio lako halikukosea lote. Kabla ya meno kunifikia sauti yangu ilikuwa imekwisha kukatika, nawe uliisikia. Sikulia kwa sababu ya mbwa. Nina mimba tena, mama. Sijamwambia hata mume wangu. Naogopa kuifurahia na naogopa kutoifurahia. Naamka nikiimba, nikifika kwenye cherehani nashona na kufumua mshono uleule. Na nikisema tu, watu watataka mbwa aondolewe kwa ajili ya meno yake, na yeye ndiye aliyenifanya nicheke tena. Nikimwondoa, halafu na mtoto asikae, nitabaki na nini? Najiuliza hivyo kutwa.

Jana nilimwachia mkono makusudi. Akaupokea kinywani, akasita, akaulamba. Nikakaa pale sakafuni nikilia kama mjinga.

Basi hilo begi usilifungue. Njoo, lakini si kunichukua. Njoo ukae nami, nipate nguvu ya kumwambia mume wangu wewe ukiwa chumba cha pili. Msalimie sana baba. Mdogo wangu mwambie gauni lake liko tayari, isipokuwa pindo, ambalo limeliwa. Na ukinikuta mlangoni nalia, nibembeleze kwa neno lolote utakalo, ila nakuomba, usiniambie "acha".

Ni mimi mwanao,
kifungua mimba wako