Mdundo wa Zulia la Mama

Constanța,
Jumatatu ya Pasaka

Dada yangu Ilinca,

Mgongo wako vipi sasa? Na yule bibi unayemtunza huko Italia, amepunguza ukali? Sisi huku wazima. Mama anakula vizuri na anagombana na majirani, basi ujue afya anayo.

Habari kubwa ni ya binamu yetu Horia. Unakumbuka mimi ndiye niliyemfundisha kutengeneza muziki kwa kompyuta. Klabu moja ya ufukweni ilitaka wimbo mpya wa kufungulia msimu Mei Mosi, nasi wote wawili tukajitosa. Mimi nilianza na mdundo, nikahangaika nao mpaka ukagonga kifua. Nikaweka besi, nikaweka vinanda, nikapanga wapi wimbo upande na wapi ushuke, mwisho nikasawazisha sauti zote. Nikamwita Mama asikilize. Akavaa hedifoni, mwiko bado mkononi, akasema, "Mwanangu, hii si mashine ya kufulia yenye homa?"

Horia yeye alimfuata Mama uani, siku kina mama wa jengo zima walipokuwa wakipiga mazulia kwa fimbo kuyatoa vumbi, kujiandaa na Pasaka. Akamrekodi. Kipigo kile cha zulia ndicho mdundo wake. Mama akarudi juu anacheka, akamkatia mkate mtamu wa Pasaka na Kwaresima haijaisha. Mimi nikiugusa hunichapa mkono. Wivu ulinikaba, sikufichi.

Klabu ikamchagua yeye. Aliniambia kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma: "Binamu, ngoma yako safi. Ila haina mtu ndani."

Jana, tulipomaliza kugonganisha mayai ya Pasaka mezani kama kila mwaka, akatuwekea wimbo wake. Zulia likapiga, besi ikaingia, kisha vyote vikanyamaza na mwanamke akaimba peke yake. Mama akaweka uma chini. Alikutambua kabla yangu.

Sauti hiyo nilikuomba mimi tangu Krismasi, Ilinca, ukasema huna nafasi. Horia anasema hakukuomba uimbe. Ulikuwa unaosha vyombo huku mnaongea kwa simu, ukaanza kuimba, naye akakuomba ruhusa airekodi. Kumbe yeye hukupigia simu kila Jumapili. Mimi nilikupigia mara moja tu, nilipotaka sauti.

Jumapili ijayo nitakupigia asubuhi, kabla ya Horia. Kompyuta nitaizima.

Mama anakusalimu, anauliza kama unavaa soksi.

Ni mimi mdogo wako, wivu haujanitoka,
Tiberiu